Nilimeza mbigili miezi mitatu nikitafuta misuli

Nina miaka 41, kazi yangu ni ya kushinda kwenye kiti, na kitambi kilishaanza kunitangulia mlangoni. Kijana mmoja pale jimu ninapopigia tizi, Tabata, akanionyesha kopo jeusi lenye vidonge 90, shilingi 95,000. "Hii inapandisha homoni, broo, misuli inakaza yenyewe." Kwa dozi ya vidonge viwili kwa siku kopo moja lingekwisha baada ya mwezi na nusu, kwa hiyo nikabeba mawili. Jina nalihifadhi, maana makopo haya yako mengi na ndani yanafanana: tribulus, uwatu, ashwagandha (mzizi wa dawa za asili za Kihindi), zinki, vitamini D.

Huyo tribulus nilimtafuta baadaye. Kumbe ni mbigili! Ile miiba tuliyokuwa tukiichomoa nyayoni kwa pini tukicheza mpira pekupeku, ndiyo nimeilipia karibu laki mbili.

Jambo moja nililofanya la maana ni kupita maabara kabla ya kuanza. Nilikwenda saa mbili asubuhi, kwa sababu testosteroni, homoni ya kiume yenyewe, huwa juu asubuhi na hushuka kadiri siku inavyokwenda. Nikapata 452, na karatasi ilionyesha kawaida ya mwanamume ni 300 hadi 1,000. Yaani sikupungukiwa na chochote. Mtu mwenye akili angerudisha makopo siku hiyo hiyo. Mimi nikameza.

Wiki ya pili mke wangu akasimama mlangoni mwa chumba, akanusa. "Baba Nasra, humu ndani kajifungua nani?" Jasho langu lilikuwa linanuka uwatu, harufu ile ile ya uji anaonyweshwa mzazi ili maziwa yatoke. Shuka zilinuka, mto ukanuka, na kazini nikawa nabeba shati la akiba. Kichefuchefu nacho kilinisumbua mpaka nilipoacha kumeza kabla ya kula. Zinki na tumbo tupu havipatani.

Misuli je? Ilikaza, siwezi kusema uongo. Pushapu zilitoka 11 zikafika 27, mkono ukaongezeka sentimita moja na nusu, na mashati yakaanza kubana mabegani badala ya tumboni. Ila kwa hela ile niliyotoa, niliona aibu kukosa jimu. Nilikuwa naenda mara moja kwa wiki, nikawa naenda mara nne. Mayai matatu kila asubuhi, maharage kila usiku, saa nne nipo kitandani. Halafu nikarudi maabara ile ile, saa ile ile: 438. Homoni haikupanda hata kidogo, na misuli imekua.

Wachezaji wa ragbi wa Australia waliwahi kujaribiwa hivyo kwa wiki tano, matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Wote walifanya mazoezi, wengine wakipewa mbigili, wengine vidonge visivyo na dawa. Nguvu ziliongezeka pande zote mbili, na mbigili haikuongeza lolote la zaidi.

Kilichoniudhi zaidi ya bei ni lebo. Imeandikwa "mchanganyiko maalumu" bila kusema kila kitu ni kiasi gani. Kama una uchovu usioisha na hamu ya tendo la ndoa imekatika, nenda kwa daktari upimwe. Testosteroni yenyewe, ile ya sindano, inajenga misuli kweli, lakini korodani zikiona inaingia kutoka nje zinaacha kutengeneza yake, na mbegu zinapungua. Si kitu cha kuchomwa na kijana wa jimu nyuma ya kabati la nguo.

Naipa nyota moja kati ya tano. Vidonge viliisha miezi miwili iliyopita, tizi naendelea nayo, na pushapu sasa ni 31. Kopo moja mke wangu kaliosha, kaliweka jikoni. Anatunzia uwatu alionunua Kariakoo kwa shilingi 2,000.