TAHADHARI: "Pampu ya joto ya bure" Uingereza, wazee wetu wanalizwa

Kwa ndugu zetu mlioko Uingereza. Kuna ujumbe unazunguka WhatsApp kwa Kiswahili fasaha kabisa: serikali inang'oa boila za gesi na kufunga pampu za joto (mitambo ya umeme ya kupasha nyumba joto) bure, nafasi zinafungwa Ijumaa. Shangazi wa rafiki yangu, Leicester, aliujibu. Akapigiwa simu na kijana mwenye adabu zote, "shikamoo mama", akaulizwa habari za Tanga, kisha akaombwa pauni 250 za kushika nafasi pamoja na namba ya akaunti "ili Ofgem waingize ruzuku" (Ofgem ni mamlaka inayosimamia gesi na umeme). Fundi hajaonekana mpaka leo. Namba ya kijana haipatikani.

Na mama huyo anaishi nyumba ya kaunsili! Nyumba za kaunsili hazimo kabisa kwenye ruzuku hii. Kijana hakuuliza hata nyumba ni ya nani.

Ruzuku yenyewe ipo, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Inaitwa Boiler Upgrade Scheme, ilianza 2022 kwa England na Wales, na tangu Oktoba 2023 ni pauni 7,500 kwa pampu inayochota joto hewani au ardhini. Scotland wana mpango wao. Lakini fedha hiyo haipiti mkononi mwako. Mkandarasi mwenye cheti cha MCS (cheti cha ubora cha wafungaji wa mitambo kama hii) ndiye anayeiomba Ofgem, ndiye anayelipwa, na wewe unaiona tu kama punguzo kwenye bei aliyokuandikia. Ofgem wakikutafuta, ni kukuuliza kama kweli umemruhusu mkandarasi fulani aombe kwa niaba yako. Basi anayetaka akaunti yako ili akuwekee ruzuku ni tapeli, awe na Kiingereza cha BBC au Kiswahili cha Unguja.

Hilo neno "bure" nalo lishtukie. Pampu si boksi la nje peke yake. Kuna tangi la maji ya moto, mara nyingi na redieta kubwa zaidi, na kwa nyumba nyingi gharama inapita 7,500. Imekuwepo mipango mingine ya kuwafungia watu wa kipato kidogo bila malipo, ila ina masharti na ukaguzi wake, hupewi kwa kubofya kiungo.

Wako pia wasiokuibia waziwazi, ni wababaishaji tu. Anaingia, anapiga picha boila, dakika kumi ameshakupa bei na ahadi kwamba bili itashuka nusu. Fundi wa kweli anapima chumba kwa chumba, madirisha, kuta, dari, ajue nyumba inapoteza joto kiasi gani. Kuhusu bili, uniti ya umeme huku ni ghali karibu mara nne ya uniti ya gesi. Pampu nzuri inakupa uniti tatu hivi za joto kwa moja ya umeme. Piga hesabu mwenyewe. Aliyekuwa anatumia mafuta au hita za umeme za zamani anaweza kupata nafuu ya maana, lakini wa gesi asiahidiwe miujiza.

Jina la kampuni litafute mwenyewe kwenye tovuti ya MCS, usibofye kiungo ulichotumiwa. Wakisema wako "chini ya mwavuli" wa kampuni yenye cheti, ipigie kampuni hiyo kwa namba uliyoitafuta wewe, uulize kama inawajua. Siku hizi mwavuli huo umekuwa mkubwa mno, kila mtu yumo.

Aliyekwisha kutoa namba za kadi au kutuma hela apige 159, ataunganishwa na benki yake. Ujumbe wa kawaida wa simu upeleke 7726, ni bure. Na kama kijana wa "shikamoo mama" ameshakupigia na wewe, nitumie inboksi namba aliyotumia, tunazikusanya tuzipeleke polisi pamoja.