Ua umenyooka, lakini jicho la mtoto wangu?

Wale vijana wa kufyeka niliowaita kukata ua wa minyaa wa jirani wanajua kazi. Naanza na hilo ili nisionekane nimewachukia bure. Minyaa ile, au miyenzi kama wengine wanavyoiita hapa Goma, ilikuwa imepita kimo cha mabati yangu na kulalia kamba ya nguo. Jirani, papa mwenye umri, alikubali ikatwe mradi nisimwombe pesa. Sawa, nikalipa mimi.

Kiongozi wao akapanda ukuta wa mawe, akaanza kushusha panga bila neno. Hakuna "toeni watoto", hakuna "anueni nguo". Aliyekulia Kivu anayajua maziwa ya mnyaa: yakiingia jichoni yanaunguza kama moto, na mtu anaweza kukaa siku kadhaa haoni. Binti yangu wa mwisho alikuwa anacheza chini ya kamba. Tawi likaanguka, tone jeupe likamrukia, akapiga ukelele ambao sijausikia tangu nimzae.

Ndani kulikuwa na nusu bido, yaani nusu dumu, ya maji. Wa Goma wenzangu mnanielewa, ziwa tunaliona na bombani hamna kitu. Nikawa namwagia jichoni kikombe baada ya kikombe. Yule bwana, akiwa bado kule juu, akaniambia, "Mama, shika mtoto wako, mimi nimeitwa kukata." Wala hakushuka!

Aliyeshuka ni yule mdogo wao. Alikimbia barabarani, akarudi na bido nzima begani, akamshikilia binti yangu kichwa, tukaosha mpaka maji yakaisha. Pesa ya maji akaikataa. Tukaenda kwa daktari wa macho, akatupa matone.

Leo ua umenyooka kama uliopimwa kwa uzi, na mwanga umerudi jikoni. Nilikaa kuandika kwamba waiteni tu, ila kwanza waingizeni watoto ndani na nguo mzianue. Shuka langu jeupe bado lina madoa yaliyoganda kama gundi. Lakini nimetoka kumtia matone sasa hivi, jicho bado jekundu, na lile neno la yule bwana wa juu ya ukuta limenirudia. Hapana. Yule mkubwa msimwite, hata akiwapunguzia bei. Yule mdogo, siku akianza kufanya kazi peke yake, nitampigia simu mimi wa kwanza, na bido za maji atazikuta zimejaa.