Koss Porta Pro au Sony MDR-7506, ukiwa Kigoma
Mi nimezitumia hedifoni hizi zote mbili hapa Mwanga na jibu langu linategemea unasikilizia wapi. Porta Pro ni ile ya tangu 1984, nyepesi, inakaa juu ya sikio na haizibi, kwa hiyo ukiwa Kibirizi mashine ya boti imewashwa utasikia mashine kwanza alafu muziki baadaye, na jirani yako naye anasikiliza bure. Ya Sony inafunika sikio lote, kelele zinapungua, ila jua la saa nane masikio yanaloa jasho, na waya wake wa kujisokota ukivutika unafika karibu mita 3 (sa kwenye bodaboda unauweka wapi?).

Sauti sasa. Koss ina besi nene, mwimbaji anakuwa kama kajifunika shuka. Dawa yake rahisi, chukua zile sponji zake za sikioni, toboa katikati tundu la saizi ya sarafu, trebo (sauti nyembamba za juu) inafunguka na besi inapungua. Mi nilitoboa upande mmoja kwanza ili nilinganishe, gita la rumba likawa linalia kulia tu, nikacheka mwenyewe. Tumia sponji za akiba lakini, ukishakata ndo basi.

Sony ni kinyume, trebo kali, zile "s" zinachoma. Hapo sikati kitu, nashusha ekwalaiza ya simu (ile ya kupandisha na kushusha besi na trebo) kwenye kilohezi 8 mpaka 10, desibeli 3 hivi zinatosha.

Kwa rumba ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, nabeba Koss yangu yenye matundu. Kumiksi kwaya, Sony, wala sibishani na mtu.