Mwaka Wangu wa Kwanza wa Kununua Sarafu za Zamani: Je, Kasha Lililofungwa Lina Thamani ya Pesa Yake?

Ninapoandika haya nina dola mbili za fedha mezani, zote za Marekani, zote za aina ya Morgan. Zimeitwa hivyo kwa jina la mchongaji wake, George T. Morgan, na zilitengenezwa kuanzia 1878 hadi 1904, kisha tena 1921. Ya kwanza ni ya mwaka 1885, ina herufi O ya kiwanda cha New Orleans, na niliinunua ikiwa wazi, ndani ya kimfuko cha plastiki tu. Ya pili ni ya 1881, ina S ya San Francisco, na imefungwa ndani ya kasha gumu la PCGS, kampuni inayochunguza sarafu na kuzipa daraja, lenye daraja MS-63 (MS ni alama ya sarafu isiyotumika, 63 ni daraja lake kati ya 70). Ile ya wazi ilinigharimu zaidi. Leo hii mkusanyaji anayejua kazi yake hawezi kunipa bei inayozidi sana thamani ya fedha iliyomo.

Niliambiwa ile ya 1885 haijawahi kutumika. Picha zilionyesha sarafu inayong'aa kama kioo, na mimi nikaona mng'ao huo ndio ushahidi. Ilipofika niliipima kwa mizani ndogo ya dijitali: gramu 26.7. Uzito halali wa dola ya Morgan ni gramu 26.73, asilimia 90 fedha na asilimia 10 shaba, na kipenyo chake ni milimita 38.1. Kila kipimo kilikubali. Nikalala na furaha kubwa.

Miezi miwili baadaye nikapata ile ya 1881, na hapo ndipo nilipofunguka macho. Niliiweka chini ya taa moja na kuinamisha kidogo. Mwanga haukukaa mahali pamoja. Ulizunguka juu ya sarafu kama miali inayotoka katikati ya gurudumu, ukifuata kila nilivyogeuza mkono. Nikaichukua ile ya 1885 na kuifanyia vivyo hivyo. Mwanga ulimeta mara moja, ukatulia. Nilipoweka kioo cha kukuzia niliona michirizi myembamba mamia, yote ikielekea upande mmoja, imepita juu ya shavu la mwanamke aliyechongwa kwenye sarafu na kuendelea hadi kwenye uwanda mtupu ulio mbele ya uso wake. Kuna mtu aliyekuwa ameisugua.

Mng'ao wa asili wa sarafu hautokani na usafi. Chuma cha muhuri kinapoigonga fedha, fedha hutiririka kuelekea ukingoni na kuacha mikondo midogo isiyoonekana kwa macho matupu. Mikondo hiyo ndiyo inayozungusha mwanga. Dawa ya kusafishia fedha na kitambaa huifuta, na ikishafutika hakuna fundi anayeweza kuirudisha. Ndiyo maana sarafu nyeusi yenye kutu ya umri inaweza kuuzwa kwa bei kubwa kuliko mwenzake iliyometameta. Kwangu hili lilikuwa jambo geni kabisa, kwa sababu nyumbani nilizoea kwamba kitu cha fedha kikichafuka kinasuguliwa.

Nilimwandikia muuzaji. Jibu lilikuwa kwamba muda wa kurudisha ulikuwa siku chache baada ya kupokea, nao ulishapita zamani. Masharti hayo yalikuwepo siku zote, mimi sikuyasoma. Lakini maneno "haijawahi kutumika" yaliandikwa na yeye, na mpaka leo naona hakunitendea haki.

Sasa kuhusu kasha lenyewe. Kampuni mbili zinazoaminika zaidi na wakusanyaji ni PCGS, iliyoanzishwa 1986, na NGC, iliyoanzishwa 1987. Unawapelekea sarafu, wataalamu wanaichunguza kama ni halisi, wanaipa daraja kati ya 1 na 70, wanaifunga kwenye kasha lisilofunguka bila kuvunjwa. Kipimo hicho cha 1 hadi 70 kilibuniwa na William Sheldon na kutolewa 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani, kisha kikaenea kwenye sarafu nyingine zote. Kuanzia 60 na kuendelea, kwa sarafu za kawaida, ni zile ambazo hazikupita kwenye mikono ya biashara. Sarafu iliyosuguliwa haipewi daraja la kawaida; kwenye lebo huandikwa kwamba ni halisi lakini imeharibiwa kwa kusafishwa. Laiti ile ya 1885 ingepitia mikononi mwao kwanza.

Niliyoyapenda: kila kasha lina namba, na namba hiyo unaitafuta kwenye tovuti ya kampuni husika. Ile yangu ya 1881 ilitokea pamoja na picha yake, na nikalinganisha alama ndogo iliyo karibu na kidevu. Usiache hatua hii, kwa sababu kuna makasha bandia yanayobeba namba halali iliyonakiliwa. Namba peke yake haitoshi. Picha ndiyo inayosema kama sarafu iliyo mkononi mwako ndiyo ile waliyoipima.

Nisiyoyapenda nayo yapo. Gharama ya kupima inaweza kuzidi thamani ya sarafu yenyewe, kwa hiyo kwa sarafu za bei ndogo kasha ni mzigo. Tena, hatua moja ya daraja, mathalani kutoka 64 hadi 65, huweza kupandisha bei sana ilhali mgeni haoni tofauti yoyote. Na nimeshaona sarafu mbili za MS-63, moja ya kupendeza, nyingine ina mkwaruzo mzito katikati ya shavu. Daraja ni lile lile. Lebo haikuzuii kutumia macho yako.

Hukumu yangu: kwa mtu anayeanza, sarafu mbili tatu za kwanza zenye bei ya kuuma zinunuliwe ndani ya kasha. Thamani kubwa zaidi niliyoipata kwenye ile ya 1881 ni kwamba imekuwa mwalimu. Sasa ninajua mng'ao halisi unavyofanana, na kila sarafu ya wazi ninayoiona naipima kwa kumbukumbu hiyo.

Kuhusu vifaa, vinne vimenitosha. Mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kalipa ya kupimia kipenyo na unene, kioo cha kukuzia mara kumi, na sumaku yenye nguvu. Sumaku isikudanganye: fedha haivutwi na sumaku, lakini shaba na zinki pia hazivutwi, kwa hiyo inakamata tu bandia zenye chuma ndani. Mizani ina kazi kubwa zaidi ukiongeza kikombe cha maji. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi mwembamba izame bila kugusa kuta wala sakafu ya kikombe. Namba itakayotokea ni ujazo wa sarafu. Kwa Morgan halisi inakuja karibu 2.6. Gawanya uzito kwa namba hiyo upate takriban 10.3, ambao ndio msongamano wa mchanganyiko wake. Bandia ya shaba iliyopakwa fedha haifiki hapo, hata ikiwa imenenepeshwa ili uzito ulingane. Maji ya kawaida hayaidhuru sarafu, ila ikaushe kwa kuigandamiza taratibu kwenye kitambaa laini, usifute.

Hata hivyo vifaa vyote hivi vinajibu swali moja tu, kama ni halisi. Sarafu yangu ya 1885 ilifaulu kila kipimo.

Kosa jingine ambalo nilikaribia kulifanya ni kukimbilia sarafu "adimu". Orodha za wauzaji hutaja idadi iliyotengenezwa, na mgeni hudhani idadi hiyo ndiyo iliyopo. Kumbe chini ya Sheria ya Pittman ya 1918 serikali ya Marekani iliyeyusha dola za fedha zaidi ya milioni 270, na hakuna aliyeandika ni za miaka gani. Kwa upande mwingine, magunia ya dola ambazo hazikutumika yalikaa kwenye hazina kwa miongo mingi, ndiyo maana ya 1881-S, zaidi ya milioni 12 zikiwa zimetengenezwa, bado inapatikana ikiwa nzuri sana na kwa bei ya wastani. Zile zilizo adimu kweli, kama 1893-S yenye sarafu 100,000 tu, ndizo zinazoghushiwa zaidi. Watu huongeza herufi S kwenye sarafu halisi ya 1893. Herufi hiyo hukaa upande wa tai, chini ya shada, juu ya neno DOLLAR. Ukiiona 1893-S ikiwa wazi, na bei yake ya kuvutia, ondoka.

Vivyo hivyo kwa "toleo maalumu" zinazotangazwa kwa kelele, zimepakwa dhahabu nyembamba, zina cheti cha karatasi nzuri kilichotolewa na muuzaji mwenyewe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilinunua moja, nikajaribu kuiuza, sikupata mnunuzi.

Kwenye kuhifadhi sina mengi. Shika sarafu kwa ukingo. Vimfuko laini vyenye harufu ya plastiki mpya huwa na PVC, aina ya plastiki ambayo baada ya muda huacha ute wa kijani juu ya sarafu. Ile ya 1885 ilikuja ndani ya kimojawapo na niliihamisha siku hiyo hiyo kwenye fremu ya karatasi yenye dirisha la mailari, plastiki angavu isiyo na PVC.

Sijaiuza ile ya 1885 na sitaiuza. Inakaa kando ya mwenzake, na kila picha mpya ninayotumiwa naiangalia nikiwa nazo zote mbili chini ya taa. Wiki hii natafuta 1880-S ya wazi, bila kasha, kwa mara ya kwanza tangu nilipoumia. Muuzaji mmoja anaruhusu kurudisha ndani ya siku 30. Nimemwomba video fupi sarafu ikiwa inainamishwa kwenye mwanga, na ninasubiri.