Kipengele cha kolabo, Teen Choice na Kids' Choice: nyota tatu kati ya tano

Kuna watu wanazidharau hizi tuzo za Marekani zinazopigiwa kura na vijana, eti za kitoto, mi siko upande huo kabisa. Nazifuatilia, na kipengele nnachokipenda kuliko vyote ni cha kolabo maana hapo mashabiki wa wasanii wawili wanaungana kuupigania wimbo mmoja, moto wake sio wa kawaida.

Teen Choice ilianza 1999 ikirushwa na kituo cha TV cha Fox, kura zilikuwa za vijana, na mshindi hakupewa kikombe, alipewa ubao wa kuteleza kwenye mawimbi, ule wenyewe kabisa mrefu kuliko mtu, ulikuwa unamuona msanii kaukumbatia kwa mkono mmoja huku anashukuru mashabiki. Hapo wamepatia sana! 2019 shoo ilifanyika ufukweni Hermosa Beach, California, kolabo wakachukua BTS, lile kundi la Korea Kusini, na mwimbaji wa Marekani Halsey kwa Boy With Luv. Wimbo mkali, sibishi, video yake ilitazamwa mara milioni 74.6 ndani ya saa 24 za kwanza YouTube. Lakini usikilize vizuri, Halsey hana verse yake mwenyewe, yupo kwenye kiitikio basi. Kiangazi hichohicho ilitoka Señorita ya Shawn Mendes na Camila Cabello ambayo kila mmoja ana sehemu yake na sauti zinajibizana mwanzo mwisho, ukimtoa mmoja hakuna wimbo. Kwangu mi kolabo ni hiyo. Kura zinapima ukubwa wa jeshi la mashabiki, na jeshi la BTS nani wa kulishinda.

Kilichonikera zaidi ni masharti ya Teen Choice. 2014 ikaja kujulikana kwamba kwenye yale maandishi madogo waandaaji wamejipa haki ya kuchagua mshindi kati ya wanne walioongoza kwa kura, yani mtoto anakesha na simu anapiga kura kila siku, anatupa hashtagi mpaka vidole vinauma, halafu kuna watu wamekaa ofisini ndo wanaamua nani kati ya wale wanne. Kwa tuzo ambayo jina lake ni chaguo la vijana hiyo haikubaliki, nyota mbili nimezikata hapohapo.

Kids' Choice ya Nickelodeon, ile chaneli ya watoto, ina wapiga kura wadogo zaidi na vurugu zaidi, mastaa wanamwagiwa ule ute wa kijani, ila kwenye kolabo 2021 walichagua vizuri, Stuck with U ya Ariana Grande na Justin Bieber, na mapato ya ule wimbo yalienda kusaidia watoto wa wahudumu wa mstari wa mbele kipindi cha korona.

Teen Choice haijafanyika tena tangu 2019. Ikirudi, watangaze idadi ya kura za kila kolabo hadharani na aliyeongoza apewe ubao wake, nyota zangu mbili nitazirudisha bila kinyongo.