Feni ya BMW E46 kwenye Hilux ya zamani: tunaipima, tunaifunga

Karibuni wadau. Mezani leo nina feni ya rejeta iliyotoka kwenye BMW E46, toleo la zamani la 3 Series. Nimeipata mtumba kwa bei ya kutupa, kwa sababu muuzaji alishaiweka kwenye rundo la mbovu. Nataka muione vizuri, maana feni za namna hii zinatupwa nyingi zikiwa nzima, na inaniuma kweli.

Sogeza kamera hapa. Waya ni tatu: mbili nene, mmoja mwembamba. Angalieni rangi. Kwenye BMW waya wa kahawia ndio hasi. Sisi tumezoea hasi ni nyeusi, kwa hiyo hapa usikisie. Ukigeuza zile nene, unaunguza kisanduku cha umeme kilicho mgongoni mwa mota, na hapo feni inakuwa mbovu kweli.

Feni ya kawaida ukiipa chanya na hasi inazunguka. Hii haizunguki, inasubiri amri kupitia ule waya mwembamba. Na amri yenyewe ni mapigo: umeme unawaka na kuzimika haraka haraka, halafu kisanduku kinaangalia umewaka kwa asilimia ngapi ya muda. Mfumo wa E46 unakubali amri ya kati ya asilimia 10 na 90. Nje ya hapo unahesabu kwamba waya una hitilafu, feni inatulia. Sasa fundi anachukua waya mwembamba, anaugusisha chanya. Hiyo ni asilimia 100. Kimya. Anaugusisha hasi. Hiyo ni sifuri. Kimya. Anasema imekufa, inakwenda kwenye rundo.

Tuijaribu. Nimeibana kwenye jiliwa, kwa sababu feni hii ikiamka mezani itaruka, na vidole viwe mbali. Hiki kidude chenye kioo ni kibao cha kutoa mapigo, vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki. Nimekiweka mapigo 100 kwa sekunde. Asilimia 5... hakuna kitu. Nane... bado. Kumi na tano. Hiyo hapo! Mnaona inavyoanza taratibu? Feni ya rilei, yaani ya swichi ya umeme ya kuwasha na kuzima tu, ikiwaka hunyonya umeme mwingi kwa mkupuo mmoja, mpaka taa zinafifia. Hii inapanda ngazi kwa ngazi. Nasogeza karatasi nyuma, nijue upepo unakwenda upande gani kabla sijaifunga. Yangu inavuta, kwa hiyo itakaa nyuma ya rejeta, upande wa injini.

Faida yenyewe iko hapa. Mwendo wa feni ukipungua nusu, nguvu inayohitaji inashuka hadi kama sehemu moja ya nane. Kwenye foleni ya Ubungo huhitaji feni ipige kelele muda wote, inatosha izunguke polepole bila kukatika, na alteneta ya zamani, ile inayozalisha umeme wa gari, inapumua. Kabla ya kununua, soma kibati cha alteneta yako. Mfumo wa BMW unailinda feni hii kwa fyuzi ya ampea 50. Kama alteneta yako yote ni 40, usiku una taa na mvua ina waipa, jipange kwanza.

Tuje kwenye waya, na hapa naomba msikilize kwa makini. Mwaka jana nilimpa fundi gari anifungie feni nyingine, nikaondoka bila kukagua. Wiki mbili baadaye nikasikia harufu ya plastiki. Soketi hii hapa, nimeitunza: tundu la chanya limekuwa kahawia, plastiki imetiririka kama nta. Alitumia waya wa milimita za mraba 2.5. Tupige hesabu: mita 4 kwenda na kurudi, ampea 30, waya ule unakula volti 0.84. Hiyo ni wati 25 za joto ndani ya waya peke yake, maungio hayajahesabiwa. Ukiweka waya wa milimita za mraba 10, inabaki volti 0.21. Ndiyo, ni ghali. Weka huohuo.

Fyuzi iwe shubiri moja kutoka kwenye betri, siyo kule kwenye feni, kwa sababu waya ukichubuka katikati, fyuzi iliyoko mwisho haisaidii kitu. Hasi irudishe kwenye betri au kwenye bodi iliyosuguliwa mpaka chuma king'ae. Halafu feni ikiwa mwendo kamili, pima volti kwenye soketi ya feni, kisha kwenye betri. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna ungio bovu, litafute.

Kibao cha mapigo nakisifu kwa kupimia tu. Hakivumilii maji, na hakijui injini ina joto gani. Kwenye Hilux yangu nimeweka kidhibiti chenye sensa. Thamostati yangu, ile vali inayofungulia maji ya injini yakipata joto, imeandikwa nyuzi 82, kwa hiyo feni inaanza polepole nyuzi 90 na inafika juu kabisa nyuzi 98. Kiyoyozi kikiwashwa, inaanza mara moja kwa asilimia 40.

Jambo moja silipendi, na ni kubwa. Kidhibiti kikifa, mapigo yanakatika, na feni hii inasimama kimya. Kwa hiyo nimefunga taa nyekundu kwenye dashibodi na king'ora kidogo, vinawaka joto likifika 103, kwa sensa yake ya pembeni kabisa. Kama hutafunga hivyo, basi bakia na feni ya mkanda, ile inayozungushwa na injini yenyewe. Nasema hivyo kwa dhati.

Feni naipendekeza, ila ipimwe kwa mapigo mbele yako dukani kabla hujatoa hela. Wiki ijayo napanda nayo Kitonga nikiwa na mzigo, na kamera nitaielekeza kwenye mita ya joto mwanzo wa mlima hadi mwisho.