Mapping Inequality: rangi zinavutia, lakini kazi iko kwenye fomu

Mapping Inequality ni tovuti ya ramani za miji ya Marekani zilizochorwa baina ya 1935 na 1940, zile zilizogawa mitaa kwa rangi nne, kutoka kijani hadi nyekundu, kuonyesha wapi pesa ya mkopo wa nyumba iko salama na wapi haiko. Imetengenezwa na maabara ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Richmond, Virginia, kwa kushirikiana na vyuo vyengine, ikafunguliwa 2016. Kuitumia ni bure. Miji imo zaidi ya 200. Kwa mwalimu wa historia wa skuli za Unguja na Pemba, na kwa mtembeza wageni anayesimulia habari za Mji Mkongwe na Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Zanzibar, ni vigumu kupata chombo kinachoonyesha wazi zaidi jinsi karani mwenye fomu na kalamu anavyoweza kuwafungia watu mji.

Ina mtego, hata hivyo, na mtego wenyewe ni uzuri wa rangi. Mtu akifungua ramani akaona wekundu umetanda pale wanapoishi watu weusi, haraka husema: kumbe ubaguzi ulianzia hapa. Haukuanzia hapa. Shirika la serikali lililochora ramani hizi, HOLC (Home Owners' Loan Corporation), liliundwa 1933 kuwaokoa wenye nyumba waliokuwa wakishindwa kulipa rehani wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Lilitoa mikopo karibu milioni moja, mingi yao kabla ramani hazijakamilika, na baadhi ilikwenda kwenye mitaa ile ile iliyokuja kupakwa nyekundu. Ramani ilikuta mitaa imeshagawanywa. Tovuti haifichi jambo hilo, maelezo yake yamo, lakini yanasomwa na wachache kwa sababu ramani inakuvuta kwanza.

Njia nzuri ya kuijaribu ni kuanza na Baltimore, ramani ya 1937. Mji huo ndio uliotunga, 1910, sheria ndogo ya kwanza ya aina yake: mtu mweusi asihamie kipande cha mtaa ambacho wengi wake ni weupe, na mweupe asihamie cha weusi. Kilichoichochea ni nyumba moja ya McCulloh Street, alimohamia wakili mweusi, George McMechen. Miji mingine ikaiga, Louisville ukiwemo. Huko Louisville, William Warley wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, alipanga kununua kiwanja kwa dalali mweupe, Charles Buchanan, ili sheria ipimwe mahakamani. Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta 1917. Hapa mwalimu asipite mbio: hoja iliyobeba hukumu ilikuwa haki ya mwenye mali kuuza mali yake. Usawa wa binadamu haukuwa ndio msingi wake, na mlango mwengine ukabaki wazi.

Mlango huo ni sharti ndani ya hati ya nyumba: mnunuzi anakubali kwa maandishi kwamba hatauza wala kupangisha kwa mtu mweusi. Kwa kuwa ni mkataba wa watu binafsi, mahakama ile ile iliuacha usimame katika kesi ya 1926, na haikuzuia mahakama kuutekeleza mpaka 1948. Sasa rudi kwenye ramani ya Baltimore utazame kaskazini, eneo la Guilford. Limepakwa kijani, daraja la juu kabisa. Viwanja vya Guilford viliuzwa kwa masharti kama hayo tangu 1913. Kijani kile hakikuota chenyewe. Lakini masharti ya hati hayamo kwenye rangi za ramani, na anayeisoma peke yake atadhani Guilford ilipewa kijani kwa miti yake na nyumba kubwa.

Ndiyo maana tunasema: gusa mtaa, lifungue lile jedwali la pembeni, usome fomu iliyojazwa na mkaguzi wa HOLC. Hapo ndipo chombo hiki kinapostahili sifa zote. Fomu ya 1937 ina sehemu ya ardhi, ya wakaazi, ya majengo, ya bei na kodi, na ya upatikanaji wa mikopo. Kwenye wakaazi wanaulizwa kazi, kipato cha mwaka, asilimia ya wageni na taifa lao, kisha kama kuna watu weusi na ni asilimia ngapi. Halafu kuna mstari unaouliza ni watu gani "wanaopenyeza" mtaani. Mstari huo usomwe kwa sauti darasani. Neno hilo linamfanya jirani mpya aonekane kama maji yanayovuja ukutani, na limechapwa kabisa kwenye fomu ya serikali, kabla mkaguzi hajafika mtaani. Karibu na mwisho wa fomu mkaguzi anaulizwa mtaa utaelekea wapi kwa miaka kumi hadi kumi na tano ijayo.

Anayetaka kuhesabu ajihadhari. Baadhi ya majibu yameandikwa kwa neno badala ya namba, kwa hiyo ukiyageuza kuwa asilimia kwa kubahatisha unatunga takwimu. Si kila mji una fomu zake. Mwengine umebaki na ramani tu. Na toleo la fomu halikuwa moja miaka yote, basi usilinganishe mstari kwa mstari mji wa 1935 na wa 1939.

Matumizi ya kawaida: picha za ramani ni nzito, simu ya bando dogo itachoka. Pakua mji mmoja ukiwa kwenye waifai, faili la mipaka ni jepesi kuliko picha, nalo linafunguka kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, bila ya intaneti. Ruhusa ni kwa matumizi yasiyo ya biashara na lazima utaje chanzo. Mtembeza wageni anayeuza kipeperushi asichapishe ramani humo. Lugha yote ni Kiingereza, na hiyo ndiyo kasoro kubwa kwetu. Fomu tano zilizofasiriwa vizuri zinatosha darasa kwa wiki nzima.

Jambo la mwisho ni kosa linalofanywa na walio karibu nasi: kuchukua rangi hizi na kuzipaka juu ya Ng'ambo. Haziendi. Huko Marekani ugomvi ulikuwa juu ya rehani, nani anakopeshwa na nani ananyimwa. Ng'ambo mtu alikuwa na nyumba yake lakini kiwanja ni cha mwengine, na kilichowabana watu ni kodi ya kiwanja, mpaka wakagoma kuilipa 1928. Mstari uliogawa mji ulikuwa mkondo wa maji wa Darajani, halafu mpango wa mji wa 1923 uliochorwa na Lanchester, na swali la nyumba ya mawe au ya udongo na makuti. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kikwajuni au Miembeni atunge fomu yake: mwenye kiwanja nani, kodi kiasi gani, ukuta wa nini, paa la nini, bomba la maji liko umbali gani, mwaka gani. Aongeze safu moja zaidi, aliyejaza fomu ni nani na alitumwa na nani, kisha aende nayo Nyaraka za Taifa, Kilimani.